Kaka Alinijibu Kwenye Jukwaa la Darasa Mbele ya Watu 143

Admin, naomba ufiche jina langu. Mtaa unaweza kuutaja, ni Mshangano hapa Songea, wenye mashine za kusaga tuko wengi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, sina mume. Nilipoingia kwenye biashara ya kununua mahindi vijijini, nilianza na magunia mawili. Leo nina mashine mbili na hakuna aliyenishika mkono. Shule niliishia kidato cha pili, nikaja kufanya mitihani nikiwa mtu mzima. Mwaka jana nikajiandikisha stashahada ya biashara ya kilimo, ya kusoma kwa masafa. Kaka yangu mkubwa, mwalimu mkuu huko Namtumbo, tulijiandikisha pamoja. Ndiye aliyetulea baba alipofariki, na sikuwahi kumjibu neno.

Masomo yetu yanafanyika kwenye jukwaa la mtandaoni. Mkufunzi anaweka swali, unaandika hoja yako, halafu unajibu hoja za wenzako wawili. Hapo pana alama 20 kati ya 100. Darasa zima tuko 143. Mimi kwenye kompyuta ni mzito, kwa hiyo anayenisomea na kunichapia ni Tumaini (si jina lake), miaka 22, ambaye watu wote wanamjua kama mdogo wangu wa mwisho.

Muhula wa kwanza tulichemka. Sisi wa Songea na Namtumbo tuko tisa, na kaka ndiye mkubwa wetu. Akishaandika yeye, wanane tunapanga foleni: "Shikamoo Mwalimu, naunga mkono." Huku kwetu mtu mzima hapingwi hadharani. Nilipata 3 kati ya 20. Mkufunzi akatuandikia kwamba kuunga mkono si mchango. Tunukuu sentensi ya mwenzetu, tuonyeshe pale isiposimama, tutoe ushahidi, tumalizie na swali ili mjadala uendelee.

Tumaini akacheka. "Dada, kumbe shikamoo haina maksi."

Nikabadilika. Nikawa naandika Jumanne badala ya kungoja Jumapili dirisha linapofungwa, ili watu wapate siku za kunijibu. Nikijibu, nachukua sentensi moja tu na kuimaliza. Watu wa Mbeya na Iringa nisiowajua sura wakaanza kuniuliza mambo. Muhula wa pili nilipata 17. Kaka alipata 6, na kwenye simu akasema mkufunzi ana upendeleo kwa wanawake.

Halafu ikaja wiki ya nafasi za kupandia mahindi. Kaka aliandika kwamba mkulima anayepanda sentimita 90 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, anapoteza nusu ya shamba, tofauti na wa 75 kwa 30 mbegu moja. Nililima na nimenunua kwa wanaolima. Nikamwambia Tumaini andika: "Shikamoo Mwalimu. Umesema anapoteza nusu. Shamba la mita za mraba 4,000, njia ya kwanza ni mashimo 8,888, mara mbili ni miche 17,776. Njia ya pili ni mashimo 17,777. Tofauti ni mche mmoja. Hiyo nusu imepotelea wapi?"

Tumaini aliniuliza, "Dada, tuitume hivihivi?"

Nikasema tuma. Sitaficha, nilifurahi.

Mkufunzi akaisifu, watu 31 wakajibu, wengine wakimtania mwalimu mkuu. Siku ya tatu kaka naye akajibu. Tumaini alikaa kwenye kompyuta akanisomea kwa sauti, kama kawaida yetu:

"Wenzangu msishangae. Huyu anayenihesabia mashimo alifukuzwa kidato cha pili kwa mimba. Binti anayemwita mdogo wake ni wa tumbo lake. Mwambieni ahesabu na huyo."

Aliisoma mpaka mwisho kwa sauti ileile. Kisha akauliza, "Kuna jibu la kuandika?"

Ni kweli. Nilimzaa nina miaka 17. Mama akasema mtoto ni wake, akambatizisha kama wake, na kwa miaka 22 jumuiya nzima inamjua hivyo. Kaka ndiye aliyepanga yote.

Mkufunzi ameficha ujumbe ule, lakini 143 walishausoma, na saba ni wa hapahapa. Jumamosi kaka alikuja na mama, mwenye miaka 66 na presha. Kaka hakuomba radhi. Alisema, "Wewe ndiye uliyeanza kunivua nguo mbele za watu. Sasa andika kwenye jukwaa kwamba nilikosea kwa hasira na Tumaini ni mdogo wako. Usipoandika, mama ataingiaje kanisani?" Mama alilia tu. Alisema, "Mwanangu, nisitiri nife vizuri."

Nilipomgeukia Tumaini, hakunitazama. Tangu siku ile haniiti dada. Wala haniiti mama. Akitaka chumvi anasema, "Kuna chumvi?"

Jana alifungua kompyuta mwenyewe, akaweka vidole tayari. Akasema, "Niambie niandike nini. Nitachapa chochote, nimezoea."

Alingoja karibu saa nzima. Akazima, akaenda kulala.

Dirisha la wiki hii linafungwa Jumapili saa sita usiku. Nikikana, mama yangu anabaki na heshima yake, na mwanangu ndiye atakayechapa kwa mkono wake kwamba si mwanangu. Nikikubali kwamba ni wangu, namzika mama akiwa hai. Hesabu zote nimezipiga, hii imenishinda. Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mliolelewa na bibi mkimwita mama, niambieni: Jumapili nimwambie achape nini?