Nilivyomfundisha binti yangu spidi ya hatimkato kwa kumgombeza

Vijana mlio humu, na wakuu wengine, marahaba nazitanguliza, msipoteze muda kuniamkia. Nimesoma mpaka la nne tu, nachapa kwa kidole kimoja. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, Mwanza, miaka ya tisini.

Mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu, na mume wangu alipunguzwa. Vyuo vya binafsi ndiyo vinachipuka. Binti yangu Kabula akapata kimoja pale Mirongo, ghorofani, anajifunza hatimkato. Ni kunasa maneno ya mtu kwa vialama, anaongea nawe unaandika.

Mahakamani wakatangaza nafasi moja ya mwandishi wa mashauri. Baba yake mdogo wa Sengerema akasema, "Akikosa hiyo, avuke ziwa kwa pantoni ya Kamanga aje kulima mihogo. Na mchumba nimeshamwona."

Kabula alilia. Mimi silii, nikamwambia alete kalamu.

Gazeti nasoma kwa kuokoteza, kwa hiyo nilitoa maneno kichwani. Naanika dagaa hapo uani kwetu Pasiansi huku naigiza kesi. Mara mimi mwenye shamba, mara mwenye mbuzi. Mwalimu wao alikuwa anasoma polepole kama misa. Nani anagombania mbuzi polepole?

Mkono wake ulikuwa mwepesi jamani! Tatizo ni adabu.

Nikisema tu "Wewe Kabula!", kalamu chini, goti chini, "Abee mama." Maneno yameshampita. Nilimlea hivyo na sijutii. Lakini mwandishi wa mahakama haitiki. Anaandika.

Nikamwambia, "Leo nikikuita, ukiitika, vyombo vyote vya jioni vyako."

Akaosha vyombo wiki nzima.

"Mama, sasa matusi nayo niandike?"

"Andika! Huko matusi ndiyo kesi yenyewe."

Siku moja namwita mvivu kama kambale wa kwenye tope, yeye kainamisha kichwa, kimya, kalamu inakimbia. Jirani akachungulia. "Mama Kabula, mtoto siku hizi hakuitikii?"

"Yuko chuoni."

"Chuo gani hicho cha kutukanwa?"

"Cha kwangu. Na ada sichukui."

Siku ya intavyuu nilimsindikiza, nikasimama barazani, nachungulia dirishani. Mabinti walijaa, wa vyuo vikubwa, kucha zimepakwa rangi. Mzee mmoja hakimu akawa anawasomea shauri, kasi inapanda. Katikati, bila kupumua, akasema, "Ninyi mabinti, nani kaniletea chai ya baridi hivi?"

Wakuu, vichwa vyote juu! "Si mimi mzee! Shikamoo mzee!"

Mzee hakungoja. Akaendelea na shauri lake.

Kichwa kimoja tu kilibaki chini. Nilishika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

Wakaambiwa wasome walichoandika. Wenzake walikuwa na mashimo. Kabula akasoma shauri, akasoma chai, akasoma na shikamoo za wenzake!

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Hata chai yangu umeiandika?"

"Umeisema, mzee."

Kazi akapewa palepale. Nilipiga vigelegele, askari akaja mbio. "Bibi, hapa ni mahakamani!"

"Basi niandikeni!"

Vijana, spidi haiko mkononi peke yake. Tafuta kinachokuinua kichwa, kisha ukizoeze kichwa kubaki chini. Waliopita vyuo vile semeni hapa chini, ninyi kiliwakwamisha nini? Mwenye kubisha naye abishe, kwa adabu.

Jioni ile ya intavyuu shemeji yangu wa Sengerema alifika na pantoni, hana habari, kaja kumchukua mtu wake. Akamkuta Kabula mezani anafanya mazoezi. Binti hakuinuka.

"Shikamoo yangu iko wapi?" akafoka.

Nikawaita wote sebuleni, mume wangu akiwemo, nikawaambia: "Kuanzia leo, katika nyumba hii mwenye kalamu mkononi haamkii mtu. Shemeji, vuta kigoda, msubiri amalize."