Mbwa Mweupe Asiyeamka

Kama mtu angeniambia kwamba siku moja ningemlilia mbwa, ningemtukana. Sisi mbwa hatuwabembelezi. Tunawafuga, ndiyo, maana mifugo hailindwi kwa maneno, lakini mbwa ana mahali pake, na mahali pake ni nje kwenye zizi, mbali na mkeka wa kuswalia. Akikulamba, au ukimshika akiwa majimaji, utaosha mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Sasa hayo maji utayatoa wapi? Miaka ile ya mwanzo wa tisini, pale ukingoni mwa mji wa Garissa tulipokuwa tunakaa, maji tulipimiana kama sukari.

Mume wangu alikuwa ameshakufa. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wote, na kilichobaki ni mbuzi wachache wa maziwa. Kila asubuhi nilikamua, nikajaza kibuyu, nikaenda kuuza sokoni, na tulichokula mimi na binti yangu kilitoka hapo tu. Halafu fisi akatujua. Alikuja wakati wa alfajiri, nikiwa natawadha. Nilisikia kilio kimoja cha mbuzi, basi, na nikitoka nakuta miiba ya zizi imetawanywa na mburuzo umeelekea porini. Akachukua mmoja, akarudi kwa mwingine. Kila mbuzi aliyekwenda nilikiona chakula cha mwanangu kikienda naye. Nilichanganyikiwa, sifichi. Nilifika mahali nasahau nimeswali rakaa ngapi.

Ndipo nikaenda kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, watu wa bara, ambao mbwa wao jike alikuwa amezaa. Watoto walikuwa weusi tititi wote, isipokuwa mmoja mweupe pepepe. Mpishi wa kambi alinionyesha dume moja jeusi lenye kifua, linalobwekea hata kivuli chake, akaniambia nichukue hilo, litanifaa. Lakini mimi nimelelewa nikiambiwa mbwa mweusi ni shetani. Nikamwambia astaghfirullah, nipe yule mweupe. Mpishi akaguna. Akasema huyo ni mpole mno, analala tu. Mimi ule weupe niliuona ni baraka tupu, nikambeba ndani ya kikapu, nimemfunika kitambaa nisimguse.

Jirani yangu, mjane kama mimi ila ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu, alitupokea mlangoni. Alisema malaika hawaingii penye mbwa, na kama nimekosa wa kulisha basi nimlishe yeye. Nikamwambia malaika wakija wamkute fisi, nao wataomba mbwa. Tulinuniana hapo hapo.

Mtoto wa mbwa alikula vizuri, akanenepa, akacheza. Ila nikimwita haji. Nikipiga mluzi haji. Adhana inatoka msikitini kwa kipaza sauti, punda wa jirani analia kama anachinjwa, yeye amelala. Nilijiambia ni utoto. Kisha nikajiambia ni ukaidi. Siku moja nikachukua sufuria nikaigonga karibu na kichwa chake, akainuka mara moja, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Binti yangu, ambaye ana tabia ya kusema ukweli wakati hautakiwi, akasema, "Hooyo, uligonga ardhi kwa mguu pia." Nikamfokea anyamaze, nami mwenyewe nilikosa raha siku nzima.

Nikamwendea afisa wa mifugo aliyekuwa akichanja mbuzi karibu na soko. Hakunicheka. Alisema mbwa hugundua mtikisiko wa ardhi, hugundua upepo wa mikono, hugundua harufu yako, kwa hiyo nikitaka kujua kweli nisubiri alale, nisimame mbali nyuma yake, nisikanyage kwa nguvu, nipige kelele kubwa nimtazame masikio. Mimi na binti tulifanya hivyo adhuhuri, mbwa amelala kivulini. Niligonga sufuria mpaka mpini ukang'oka. Watoto wa mtaa mzima walitoka mbio kuona kuna nini. Mbwa wangu hata sikio halikucheza. Niliketi chini pale pale kwenye vumbi.

Nilipomrudia afisa, alisema mbwa weupe namna ile mara nyingine huzaliwa viziwi, na dawa hakuna. Aliniambia nisimtupe. Nimfundishe kwa ishara za mikono, na zaidi ya yote nimzoeze kuguswa begani, kwa upole, kabla ya jambo lolote, kwa sababu asiyesikia hushtuka, na akishtuka huuma. Mkono wako ndio sauti yako kwake, ndivyo alivyosema. Nikamuuliza, na fisi je? Akashika sindano yake akaendelea kuchanja. Nilirudi mbio kambini kuomba lile dume jeusi, nikakuta majivu na mikebe mitupu. Wajenzi walikuwa wamehamia mbele, upande wa Liboi, na mbwa wao wote.

Basi nikabaki na mlinzi kiziwi. Jirani alisema nimtupe porini, fisi amle yeye awaache mbuzi, na yapo majira nilitaka kumsikiliza. Fisi alikuwa amechukua mbuzi mwingine, na huyo mbwa mweupe alilala hatua chache kutoka pale, amejikunja, akiota ndoto zake. Nililia asubuhi ile kwa hasira. Nilimtukana kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na yeye ananitazama usoni akitikisa mkia, kwa sababu midomo yangu ilikuwa inacheza.

Ishara alizijua haraka. Mkono juu, anakuja. Kiganja mbele, anakaa. Kumwamsha, nakanyaga ardhi. Kumgusa sikumgusa. Lakini ishara zinahitaji macho yaliyo wazi, na fisi hamngojei mtu afungue macho. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa siku nilipokuwa nafunga vitoto vya mbuzi jioni. Kwetu vitoto hufungwa kwenye kamba moja ndefu yenye vitanzi, kila kimoja na kitanzi chake, visiwanyonye mama zao usiku kucha. Kimoja kiliruka, na kamba yote ikacheza, vyote vikainua vichwa. Nilisimama na kitanzi mkononi. Kisha nikafunga kitanzi kimoja zaidi, mwishoni, karibu na mlango wa zizi, nikamvisha mbwa shingoni, mkono nimeufunga kitambaa.

Mwanzoni ilikuwa balaa. Kitoto kikijikuna, mbwa anabweka. Na asiyejisikia hajui kunyamaza, alibweka kwa sauti mbaya, ndefu, ya kukwaruza, mtaa mzima ukanichukia. Jirani alikuja kunipigia kelele juu ya kelele za mbwa. Sikulala, binti hakulala, na fisi hakuja, kwa hiyo hata sikujua kama nateseka kwa faida yoyote. Lakini taratibu mbwa akajifunza. Kamba ikicheza kidogo alifungua jicho moja akalifunga. Nilimwona mwenyewe, nikaanza kuthubutu kulala.

Fisi alirudi alfajiri, kama kawaida yake. Maji ya udhu yalikuwa bado mikononi niliposikia ile sauti ya kukwaruza, tena kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Nilitoka na kijinga cha moto, binti na sufuria yake isiyo na mpini. Fisi alikuwa mlangoni mwa zizi. Vitoto vilikuwa vimekimbilia nyuma na kuivuta kamba ikakaza, na mbwa, aliyefungwa na mimi kwa mikono yangu, hakuwa na pa kukimbilia. Alikuwa amesimama anabweka usoni mwa fisi. Fisi alimng'ata kichwani, nikamrushia kijinga, akatokomea. Hakuchukua mbuzi hata mmoja.

Sikio moja lilikuwa limeng'olewa. Lile ambalo halikuwahi kumfaa kitu. Amelala ubavuni, anatetemeka mwili mzima, damu inamwagika, na kila tulipomsogelea alionyesha meno, kwa kuwa giza lilikuwa bado na mikono yetu haikuonekana vizuri. Nikamwambia pole, pole, pole, nikaendelea kusema pole mpaka nikakumbuka ninamwambia nani.

Ndani kulikuwa na jerikani moja ya maji. Ya kunywa, ya chai, ya udhu, yote ni hiyo, na mkokoteni wa maji ya mtoni haukuwa unakuja siku hiyo. Nilisimama kando ya mbwa, mikono imening'inia. Binti alinitazama, akatazama chini. Mbwa akaanza kufumba macho.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Jirani, amejitanda shuka, amebeba jerikani begani. Nilijua anakuja kunisuta na sikuwa na nguvu ya kumjibu. Aliitua jerikani miguuni pangu, maji yakamwagika kidogo.

"Abaayo, mguse," alisema, akiniita dada. "Maji ninayo."

Nikapiga magoti, nikamwekea mkono begani, na kutetemeka kwake kukakoma, akafumbua macho akanitazama.