Mahindi ya Kong'ony

Shamba letu lilianza juu barabarani kwa chai, likashuka kwa mahindi, likaishia kwenye kinamasi, na baada ya kinamasi ni mto Nyangores. Ulikuwa mteremko ambao ng'ombe walishuka mbio na kupanda wakilalamika. Huko chini kwenye matete waliishi korongo wawili, wale wenye taji la dhahabu kichwani, ambao sisi tunawaita kong'ony. Baba aliwakuta hapo alipopewa shamba na babake, au labda aliwakuta wazazi wao. Yeye hakuona tofauti.

Kong'ony ndiye mnyama wa ukoo wa baba. Kila ukoo wa Kipsigis una wake: tembo, nyani, nyuki, hata chura. Kwetu, jinsi baba alivyofundishwa, kong'ony hapigwi jiwe, hafukuzwi na mbwa, na mkono wa mtu wa ukoo haumgusi, awe hai au amekufa. Unamtazama tu. Na baba alimtazama sana. Jioni, baada ya kukamua, alisimama penye ua na kikombe chake cha chai akingoja wacheze, maana hao ndege huinamiana na kurukaruka mabawa yakiwa wazi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, hakucheza hata kwenye arusi ya dada yangu, lakini hapo penye ua alitabasamu peke yake.

Mama alizaliwa ukoo mwingine na hakuwa na wakati wa mambo hayo. Kila msimu mahindi yakichipua, korongo walipita kwenye mstari pole pole, kwa adabu zao zote, waking'oa mche mmoja mmoja. Walikula mbegu, wakaacha majani yamelala hapo ili mama ayaone vizuri.

"Wageni wako wamekula tena," alimwambia baba. "Siku nyingine waje na jembe."

Mama alipanda tena palipong'olewa, akinung'unika, na korongo wakaja tena.

Mwaka ninaouzungumzia, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na pa kwenda. Nilichuna chai asubuhi na kukasirikia watu mchana. Wakati huo alikuja kijana mmoja kutoka milima ya upande wa Kisii, aliyepanga chumba Silibwet na kufanya vibarua vya kuchuna chai. Alipenda samaki. Alikuja kwa heshima kumwomba baba ruhusa ya kutega kambare ukingoni mwetu, na baba akacheka mpaka akashika goti. Kwa watu wa rika lake samaki hakuwa chakula.

"Hiyo ni nyoka ya maji," alimwambia. "Chukua yote."

Mama aliongeza tu kwamba sufuria zake zisiguswe.

Basi kijana akawa anatega jioni. Alichomeka kijiti kwenye tope, akafunga uzi wa nailoni, na kwenye ndoano akaweka chura mzima. Asubuhi alikuja kutoa kabla ya kwenda kazini. Tulimwona akipita na tukamsalimia, basi. Watu wanaoishi kwa kuvua wangejiuliza ni nani mwingine anayekula chura hapo. Sisi ni watu wa ng'ombe, na kwetu ndoano ilikuwa jambo kati yake na samaki. Yeye naye aliwajua kambare, hakuwajua kong'ony.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua aliitwa mapema kwenye chai, akapanga kupitia mtoni baadaye. Nilikuwa nikiosha mitungi ya maziwa niliposikia korongo akilia, si ule mlio wao wa kila siku. Baba alikuwa ameshaanza kushuka. Nikamfuata.

Mmoja alikuwa juu ya mwamba katikati ya mto. Uzi wa ndoano ulimning'inia mdomoni. Alikuwa ameruka nao, kijiti kikang'oka, kisha kikanasa kati ya mawe, na sasa kila alipojaribu kupaa kichwa kilivutwa chini. Mwenzake alikuwa ng'ambo, akitembea huku na huku. Huko juu msituni mvua ilikuwa imenyesha, maji yalikuwa ya kahawia na yalikuwa yakipanda.

Baba alisimama ukingoni, mikono nyuma ya mgongo.

"Naingia," nilisema, nikaanza kuvua gambuti.

"Wewe ni mtoto wangu," alisema.

Alimaanisha kwamba mkono wangu ni mkono wa ukoo, sawa na wake.

"Atakufa, baba."

"Naona."

Nilimkasirikia sana. Niliukasirikia mwiko, nikamkasirikia ndege kwa kutojua chura wa bure ni wa nini. Lakini nilibaki nimesimama, gambuti moja mkononi, na sikuingia. Majirani walitokea upande wa pili, wakatazama. Mmoja alipaza sauti kwamba waitwe watu wa wanyamapori. Watu hao walikuwa mbali, na walikuja kwa ajili ya tembo, tena wakipenda. Kumtuma mtu mwingine baba hakuweza, kwa sababu kwake kumtuma mtu ni kama kunyoosha mkono wako mwenyewe. Sijawahi kumwona mtu mzima akikosa la kufanya namna ile.

Mama alishuka na panga, akitoka kukata majani ya ng'ombe. Alimwangalia ndege, kisha akamwangalia mumewe.

"Umesimama?"

"Nimesimama."

Alifunga leso yake juu ya magoti, akaingia majini na panga lake. Hakujua kuogelea. Hakuna aliyejua kwetu. Maji yalimfika kiunoni, yakamyumbisha, akashika jiwe, akaenda. Baba alitembea ukingoni sambamba naye, hatua kwa hatua, mikono bado nyuma, midomo ikienda. Nilidhani anasali. Nilipomkaribia nikasikia anaita tu, "Mama, mama," jinsi alivyomwita kila siku akitaka chai.

Mama alifika. Alifungua leso, akamfunika ndege kichwa, akakata uzi, akambana kwapani kama kuku wa kupeleka sokoni, ile miguu mirefu ikining'inia. Akarudi vivyo hivyo. Aliketi kwenye nyasi na ndege mapajani, akihema, na baba akachuchumaa karibu, lakini si karibu sana.

Kijana alikuja mbio, majani ya chai yakiwa bado kwenye kikapu mgongoni, maana habari ilikuwa imemfikia huko shambani. Alikuwa na koleo dogo la kung'olea ndoano. Mama alishika kichwa, yeye akafungua mdomo, akachungulia muda mrefu.

"Mzee, hii imeingia mpaka ndani. Nikivuta nitapasua yeye."

"Na ukiacha?"

Kijana alitazama mto.

"Ongea tu," baba alisema.

"Nikiacha pia, mzee." Kisha akaanza, "Mzee, mimi sikujua..."

"Ni mimi nilisema uchukue yote," baba alisema.

Mama hakumweka chini. Alikaa naye juani, akimkausha kwa leso, akilirudisha lile taji kwa vidole mpaka likasimama. Aliongea naye kwa sauti ndogo, kwa Kipsigis, maneno anayomwambia ndama. Ndege alikufa mchana akiwa hapo mapajani. Kijana alichimba, mama akamlaza na kumfunika kwa majani mabichi, na baba akatazama mpaka mwisho, kwa sababu kutazama ndiko alikoruhusiwa.

Yule mwingine alibaki kwenye matete. Alilia asubuhi na jioni. Baba aliendelea kwenda penye ua na kikombe chake, ingawa korongo mmoja hachezi.

Msimu uliofuata tulipanda kama kawaida. Tulipomaliza, mama hakurudi nyumbani. Alichimba mstari mwingine chini kabisa, pembeni ya kinamasi, mahali ambapo hatukuwahi kupanda kitu, na kila shimo akatia mbegu mbili.

"Huu ni wa nani?" nilimuuliza.

"Wa yule mgeni," alisema. "Ale hapa, aniachie yangu."

Mvua ilikuja vizuri. Asubuhi moja mama alituita, tukashuka, baba na chai yake mkononi. Mahindi yalikuwa yamechipua kutoka mwanzo wa mstari hadi kwenye matete, mawili mawili, bila pengo hata moja, na kwenye matete hapakusikika mlio. Mama alikuwa amechuchumaa hapo, jembe kando.

"Yameota yote," alisema.

Baba alinipa kikombe. Kilikuwa bado kimejaa.