Chungu cha Mawese

Juzi wajukuu wangu walikimbilia ngoma ya bure hapa Baraka, nami nikasikia tena harufu ya mawese ya moto.

Mchana mmoja wa utoto wangu, enzi za ukoloni, mama alitupeleka kwenye uwanja wa bendera, amebeba chungu cha mawese na majani ya migomba. Nilifurahi, nikijua kwamba baada ya ngoma tutakula kando ya ziwa. Ngoma ilipolia, baba, ambaye hakuwa amelima pamba ya serikali, alilala kifudifudi mbele ya askari, kama alivyolala nyumbani ili tumpande mgongoni.

"Mama, baba iko anacheza?"

"Funga macho, mutoto wangu."

Nilifunga, nikasikia kiboko kikichapa.

Kando ya ziwa mama alimlaza baba juu ya majani, akammiminia mawese mgongoni taratibu. Nikalia sana. Nilidhani anamaliza mafuta ya chakula chetu.