Kahawa ya Mkono wa Kushoto

Mama alipopooza upande wa kulia, daktari alituambia tumshukuru Mungu kwa sababu ulimi wake haukuguswa. Papa akajibu kwamba ulimi huo hata radi haiuwezi. Tulicheka pale pale hospitalini, Mama akicheka kutuzidi, hadi muuguzi akatuangalia vibaya. Lakini asubuhi ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, Mama aliketi mezani atengeneze kahawa yake, akashindwa. Akaomba arudishwe kitandani, na tangu siku hiyo kuamka kwenyewe kukawa kwa kubembelezwa.

Niieleze kahawa ya Mama, la sivyo mtaona tulihangaika bure. Hapa Likasi wengi tunakunywa chai, au ile kahawa ya unga inayokorogwa kwenye kikombe, na hatuoni haya. Mama haigusi. Mama yake mzazi alikuwa mpishi kule misheni ya Kapolowe, na huko ndiko alikotoa mambo yake. Unakaanga punje mwenyewe, unazisaga, unatia unga kwenye mfuko wa kitambaa ulioshonwa kuzunguka waya wa duara. Mfuko unaushika kwa mkono mmoja juu ya birika dogo, na kwa mkono wa pili unamimina maji ya moto. Polepole! Unalowesha kwanza, unaacha unga ufure, ndipo unamimina tena. Ukiwa na haraka utapata maji meusi, na Mama atakuambia hivyo mbele za watu.

Mikono miwili, basi. Mama alibakiwa na mmoja, tena wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikilia tu.

Mtasema, si binti yake angemimina? Nilimwambia hivyo. Aliniangalia hadi nikaona haya, maana najua desturi ya kwetu. Mgeni wa heshima haletewi kahawa tayari kutoka jikoni, kwa sababu ukifanya hivyo, kwa hesabu za Mama, umemwambia anywe haraka aende zake. Mama wa nyumba anaimimina mbele ya macho yake, na hakuna anayefungua mazungumzo kabla ya kikombe cha kwanza. Kikombe hicho ni cha mgeni. Sisi watoto wa nyumbani ni mwisho, na mimi niliyekuwa kitinda mimba nilipata cha mwisho kabisa, kilichojaa machicha. Ni kikombe nilichokunywa tangu utoto hadi nimekuwa fundi cherehani mwenye wateja wangu. Nikinung'unika, Mama ana jibu lile lile: "Bageni kwanza."

Na wageni walikuwa wanasubiri kuja. Mimi nilishavuka ule umri ambao majirani huacha kuuliza na kuanza kuhurumia, halafu nikampata mtu wangu, mwalimu wa kule Mulungwishi, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Ukoo wake ulitaka kuja kujitambulisha kwa wazazi wangu. Mama, kutoka kitandani, akakata shauri.

"Bangojee kwanza," alisema. "Nitabamiminia na mukono yangu minye mwenyewe, ao basikuye kabisa."

Kama hawezi kumimina mwenyewe, wasije. Wakangoja. Tukaahirisha, tukaahirisha tena. Shangazi mkubwa wa yule mwalimu, ambaye ndiye mwenye neno katika ukoo wao, akaanza kuuliza kama sisi tunakataa kwa adabu. Mtu wangu, masikini, akaenda hadi Lubumbashi akarudi na mashine ya kahawa ya umeme, ameikumbatia kwa mikono yote miwili. Umeme wenyewe ulikuwa umekatika. Uliporudi siku ya pili, Mama aliitazama mashine ikikoroma, akauliza, "Sasa hii ikipika kahawa, minye ninafanya nini? Ninaiangalia?" Mashine ikarudi kwenye boksi lake. Nililia siku hiyo, tena kwa hasira, kwa sababu nilimtaka yule mwanamume na nilimtaka Mama kitini pake, na niliona nitayakosa yote mawili.

Papa alichukua kipande cha uzi kwenye cherehani yangu bila kuniomba, akapima urefu wa birika la Mama, akatoka. Papa alifanya kazi ya ufundi mitambo kiwandani hadi kustaafu, na mtu wa namna hiyo ukimwona anapima kitu kimyakimya, afadhali usimuulize. Siku kadhaa alishinda kwa rafiki yake mwenye mashine ya kuchomelea. Aliporudi, nyuma yake walikuwa wanaume wawili wakibeba kitu na kutweta.

Mama yoo! Kitako chake kilikuwa bamba nene la chuma, la kusimamishia injini. Juu yake nondo imesimama, na kwenye nondo mkono wa chuma wenye duara la kuwekea mfuko wa kahawa. Kimepakwa rangi ya kijivu, ile ya mitambo. Kabla sijafungua mdomo, Papa alishatoboa meza yetu ya kulia chakula na kukifunga kwa boliti nne.

"Papa, juu ya nini boliti?" nilimuuliza.

"Mashine yote inafungwa," akasema. "Isipofungwa, itaua muntu."

Tulimleta Mama aone. Alikiangalia kile kitu, akamwangalia Papa, akaangalia meza yake iliyotobolewa. "Weye," akasema, "unanifanyia kahawa ao unanifanyia usine, kiwanda kizima?" Akacheka. Hakuwa amecheka tangu hospitalini. Alicheka hadi machozi, mdomo ukivutika upande mmoja, na Papa akasimama pale akitabasamu na spana mkononi. Nilimpenda baba yangu siku hiyo kuliko ninavyoweza kusema.

Kahawa yenyewe ilinuka rangi. Mimi niliitema nje. Papa alikunywa kikombe chake chote, akapangusa mdomo, akasema, "Bon. Iko muzuri."

Nikaona nitengeneze changu. Nilichukua ubao wa kitanda cha zamani, nikaupigilia kwenye kibao cha kukatia mboga, nikakunja hanga ya waya ya kutundikia nguo kuwa duara. Chepesi, kizuri, unakibeba kwa kidole. Nilikiweka mbele ya Mama nikijiona fundi wa mafundi. Mfuko ulipojaa maji, kikainama taratibu, kwa heshima kabisa, kikalala kifudifudi na kumwaga kila kitu juu ya kitambaa cha meza nilichodarizi mwenyewe. Papa alikuwa mlangoni.

"Haina boliti," alisema, na furaha yake hakujaribu hata kuificha.

Hapo tukaanza. Yeye chuma, mimi mbao. Yeye uzito, mimi urembo. Papa alikuwa ameikwangua rangi yote kwa mchanga na kulisugua duara hadi likang'aa, akadai sasa hakina kasoro. Mimi nikadai hata kingenukia marashi, huwezi kumkaribisha mgeni kwenye meza iliyopigwa boliti. Tulipandishiana sauti kweli kweli, mimi na mzee wangu, na Mama ameketi katikati yetu kimya. Papa akasema, basi, ajaribu mwenyewe tuone.

Mama akashika birika la maji ya moto kwa mkono wa kushoto. Akalinyanyua. Mdomo wa birika ukagonga nondo. Akajaribu kupita juu, birika likamlemea, akashusha. Akajaribu kuzunguka kwa mbele, kiwiko kikagonga tena. Akaweka birika chini, akashika nondo akitaka kukigeuza kile kitu, kumbe kimefungwa boliti nne, hakitikisiki. Akaniangalia. Akamwangalia Papa.

Ndipo nikaona. Nondo ilikuwa imesimamishwa upande wa kushoto, ili mkono wa kulia upate nafasi. Na kile cha kwangu kilikuwa vivyo hivyo. Papa alipima kwa mkono wake, mimi kwa mkono wangu. Wote wawili tulikuwa tumetengeneza kifaa cha mtu mzima wa viungo, ndani ya nyumba ambayo mtu huyo hakuwamo tena, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye kahawa.

"Fungueni hizi boliti," Mama alisema. "Na munikaribie hapa. Sasa munisikilize minye."

Jamani, mngemwona! Siku ile ndiyo niliyojua Mama yangu ametoka kitandani. Alituamuru toka kwenye kiti chake, akionyesha kwa kidole cha kushoto. Kibao changu kibaki, lakini kiwe kirefu zaidi. Nguzo isikae kushoto wala kulia, ikae nyuma, na duara litokeze mbele ya nguzo, wazi pande zote. Hanga yangu ibaki, maana chuma cha Papa kinapoza kahawa. Hapo mbele kipigiliwe kifuniko cha kopo la rangi, kimegeuzwa, ili birika dogo likae ndani na lisiteleze akilisukuma. Papa alikata, mimi nikakunja waya, na kwa mara ya kwanza wiki ile hatukubishana. Tulinunua skrubu tu. Vingine vyote vilikuwa vimelala humu humu ndani.

Lakini bado kilikuwa chepesi. Mama akafikiri, kisha akasema, "Muniletee pasi yangu."

Pasi ya makaa, ile nzito ya chuma, ilikuwa chini ya kitanda chake. Ndiyo aliyopigia ovaroli za Papa kila Jumapili jioni, miaka yote ya kiwanda, kwa mkono ule wa kulia. Tangu apooze hakutaka hata kuiona. Sasa akaivuta kwa mkono wa kushoto, akaiweka nyuma ya kibao, mguuni pa nguzo. Nikajaza mfuko maji. Kile kifaa hakikucheza hata kidogo.

Papa akakohoa. "Tungeifunga na boliti," alisema.

"Moja tu," Mama akamjibu.

Akaifunga moja, kwa uangalifu, kama anafunga mtambo wa kuyeyushia shaba.

Ilikuwa kiangazi, asubuhi zile za baridi kali ambapo vumbi jekundu linalala chini likiogopa. Kila alfajiri Mama aliamka mwenyewe, akaketi karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akajifunza upya. Alimwaga. Aliungua. Alilitukana birika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na siku moja kwa lugha ya mama yake ambayo hatukujua anaikumbuka. Nilitaka kumsaidia hadi mikono ikaniwasha. Nilijikalia, nikamtazama tu, na kusema kweli sijawahi kumwona mtu nikamheshimu kwa kiasi kile. Yule mkono wa kushikilia ulikuwa unafundishwa kazi uzeeni, na ulikuwa unakubali. Siku moja akanipa kikombe cha mwisho, chenye machicha yake, akasema, "Ubaambie bakuye."

Wakaja. Mtu wangu katika koti lililombana, mjomba wake, na yule shangazi mkubwa, kitenge kipya, mkoba magotini, macho yakizunguka sebule yetu yote. Yakatua mezani. Aliona kibao, hanga, kifuniko cha kopo la rangi na pasi ya makaa yenye boliti moja, na akakaza midomo. Hakuna aliyesema kitu, maana desturi tulikuwa tumewaeleza. Nilileta birika la maji ya moto kutoka kwenye mbabula, nikaketi kwenye kigoda changu nyuma ya Mama.

Mama akalinyanyua kwa mkono wa kushoto. Akalowesha unga. Akaliweka birika chini, akatulia.

Shangazi akadhani Mama ameshindwa. Akaacha mkoba, akainuka nusu. "Mama, tukusaidie?" Aliuliza kwa huruma ya kweli, na kwa hiyo nilimsamehe ile midomo. Papa akamwinulia kiganja tu.

"Inafura," Mama akasema.

Kisha akamimina. Kidogo, akazungusha, kidogo tena. Harufu ikajaa sebule nzima, na matone yakaanza kulia ndani ya birika dogo. Mkono haukukosea. Papa hakumwangalia Mama, alikuwa anaitazama boliti yake, midomo ikimchezacheza. Birika lilipojaa, Mama alimimina kikombe cha kwanza, akatia sukari, akakoroga bila haraka.

Akakisukuma juu ya meza. Kikampita mjomba. Kikampita shangazi, aliyekuwa amekwisha kunyoosha mkono. Mama akageuka kwenye kiti chake, kwa shida, akakishika na kunipa mimi kule nyuma kwenye kigoda.

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamnong'oneza, "Mama, bageni kwanza."

"Njo maana," akasema. "Hapa sasa weye njo mugeni."

Shangazi akafunika uso kwa kitenge. Mimi sikuweza kufanya hata hivyo, maana kikombe kilikuwa cha moto na mkono wa Mama bado ulikuwa chini yake, hauachii. Kisha ukaachia. Nikanywa hadi mwisho, watu wote wakiningoja.

Hakikuwa na machicha.