Nani Anachinja Kwenu?

Gracieuse alifika kutoka Manono juu ya pikipiki, vumbi mpaka ndani ya masikio, akapanga chumba cha nyuma kwa Mama Pélagie, kartie ya Kataki, mtaa mmoja wa Kalemie. Alikuwa stajiere, yaani mwenye kujifunza kazi, katika biro, ofisi ndogo inayochunguza dini za watu: Wakatoliki wanaishije na Waislamu, na watu wa makanisa ya uamsho wanaishije na wote hao. Nilimkuta hapo niliposhuka kutoka Kirungu. Mama Pélagie hunipa kivuli kila nikipita Kalemie, na mimi hupita mara nyingi kuliko inavyofaa.

Mwanzoni kazi ilimpa taabu. Mkubwa wa biro, Papa Gaspard, alimpa karatasi ya maswali, na la kwanza lilikuwa: munaishi vizuri na majirani wa dini nyingine? Kila mlango ulimjibu vilevile. Vizuri, mutoto wetu, vizuri kabisa. Kisha wanamwuliza kama ameolewa. Alirudi jioni viatu mkononi, akasema watu wa Kalemie wanaishi vizuri mno, hakuna la kuandika.

Halafu ikafika komunyo ya kwanza ya Ruben, mjukuu wa Mama Pélagie. Mbuzi alikuwa amefungwa tangu asubuhi, moto unawaka, wageni wametoka misa na njaa zao, na hakuna anayemgusa yule mbuzi. Wanaume wenye mikono minene wamekaa wanamtazama. Gracieuse akauliza wanangoja nini. Wakamwambia wanamngoja Papa Amuri, mzee Mwislamu, fundi wa cherehani karibu na soko. Amekwenda kusali adhuhuri. Akitoka msikitini atachinja.

"Asipochinja yeye," Mama Pélagie akamweleza, "Mama Zaina wa ng'ambo ya barabara atakula nini? Akae na sahani tupu kwenye sikukuu yangu?"

Niliona macho ya yule binti yakibadilika. Tangu siku ile karatasi ya Papa Gaspard ilikaa chini ya begi, naye akawa na swali lake moja: nani anachinja kwenu? Milango ikafunguka. Watu walicheka, wakabishana mbele yake, wakakumbuka harusi ambayo mchinjaji alichelewa mpaka bwana harusi akasinzia kitini. Nyumba moja walisema zamani tulikuwa tunamwita Mwislamu, sasa mchungaji wetu amekataza, na mama wa nyumba akatazama chini aliposema hivyo. Kwingine mume ndiye anamwita, na mke siku hiyo anakwenda kwa dada yake. Hata Papa Gaspard alisahau ukubwa wake, akaanza kusimulia matanga ya baba yake.

Ila kila hadithi ilirudi kwa mtu mmoja, Papa Amuri. Papa Gaspard akamwambia Gracieuse wazi: ukileta maneno ya yule mzee, nitakuombea ubaki kazini, usipoyaleta, umeleta mazungumzo ya majirani tu, na utarudi Manono.

Basi akaenda. Mzee akampa kigoda, akamwuliza habari za Manono na za wachimba madini, akamaliza suruali nzima mbele yake, na juu ya kisu hakusema kitu. Akaenda tena, ikawa vilevile. Alipokwenda mara nyingine mzee akasema taratibu, bila kuondoa mguu kwenye cherehani, "Binti yangu, mimi huzungumza na watu waliokula."

Gracieuse akarudi akakaa kizingitini. Mama Pélagie alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwani. Aliposikia yale maneno, akacheka.

"Ulifikiri hatuoni? Siku ya komunyo umeshiba. Kwa Mama Zaina umeshiba. Musichana mwembamba hivi, shibe yote hiyo unaiweka wapi?"

Ndipo Gracieuse akatueleza. Baba yake ni mchungaji, na tangu utoto alimfundisha kwamba nyama iliyosomewa sala ya dini nyingine haiingii kinywani. Hana neno na Papa Amuri, wala hamwogopi. Ila kwa kuogopa kuwaumiza watu, alisema ameshiba. Mama Pélagie akamshauri ale kipande kidogo, kwa ajili ya kazi; Mungu hawezi kushuka Kataki kutafuta kipande kidogo hivyo. Mimi pia niliona hivyo. Nikamwambia baba yake yuko mbali, hatajua.

"Yeye hatajua, Papa," akasema. "Mimi nitajua."

Jumamosi Mama Zaina alifanya karamu ya mjukuu aliyezaliwa. Tulikaa mkekani, na sahani ya nyama ikamfikia Gracieuse, Papa Amuri akiwa mbele yake. Sisi wengine tukajifanya tunazungumza bei ya sementi. Aliishika ile sahani kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akaiweka chini.

"Papa Amuri, sikushiba. Nina njaa tangu asubuhi. Nyama hii siili kwa sababu ya dini yangu. Nilikuwa ninawadanganya. Munisamehe."

Mama Pélagie akajifunika mdomo na kitenge. Mimi nikaona kazi imekwisha, binti anarudi Manono. Papa Amuri akafuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Mimi, kwa Wakristo, nimekataa sahani tangu ujana," akasema. "Nyama isiyochinjwa na Mwislamu siili. Nimetoka harusini na njaa mpaka kichwa kinauma. Kukataa chakula kwa ajili ya Mungu, hiyo naijua. Lakini muntu anayeshiba kila siku na kila nyumba, huyo ndiye sikumwelewa."

Mkeka mzima ukacheka, na Gracieuse akacheka huku akipangusa macho. Mzee akamwita Mama Zaina, akauliza kama hakuna samaki. Walikuwapo mikebuka, wamechemshwa kwa nyanya.

"Huyu hana mchinjaji," Papa Amuri akasema. "Anatoka ziwani amekwisha kufa. Kwako halali, kwangu halali."

Wakaletewa bukari, ugali wa mihogo, wakala sahani moja, na binti alikula mpaka Mama Zaina akasonga bukari nyingine. Kisha mzee akazungumza mpaka alasiri. Alisema sala yake haibadiliki, awe mbuzi wa komunyo au wa Idi. Alisema mtoto mmoja aliwahi kumwuliza kama mbuzi anajua dini ya mwenye karamu. "Nikamwambia, mbuzi anajua kamba tu."

Nilipopita tena baada ya mvua, Gracieuse alikuwa bado yuko, na meza yake karibu na dirisha la biro. Chini ya swali lake la kwanza ameongeza la pili: na asiyekula, munampikia nini? Amekwisha kumwuliza hata baba yake kwa simu. Akaniambia mchungaji aliuliza kwanza yule mzee hupenda samaki gani, asije akafika Manono akakaa na sahani tupu.