Mkwaruzo wa Hirizi

Cheti chake kilisema ni tabibu wa zahanati, lakini kuanzia Ruaruke hadi Ikwiriri watu walimwita Haruni Mwinjuma daktari wa moyo. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na stetoskopu moja ya mipira myeusi iliyochakaa, na masikio yake.

Masikio hayo aliyanoa ujanani, alipokuwa msaidizi katika wodi moja Dar es Salaam, na huko ndiko alikofahamu kilichomuua dada yake. Zena alifariki akiwa na miaka kumi na minne, miguu imevimba, baada ya kupigiwa ngoma za pepo siku saba. Siku moja wodini Haruni alipewa stetoskopu asikilize kifua cha mtoto aliyevimba vivyo hivyo. Akasikia damu ikipita kwenye mlango mbovu wa moyo kwa mvumo, kama upepo unaopenya ukuta wa makuti. Akaelezwa kwamba ugonjwa huo huanza na koo kuuma na viungo kuvimba, kisha hula moyo taratibu, na kwamba sindano ya penisilini kila mwezi huuzuia usiendelee. Mwezi uleule akaomba uhamisho wa kurudi kwao.

Hivyo ndivyo zahanati ya Mtundani ilivyopata daftari la watoto wa moyo. Watoto hao waliletwa kila mwezi ulipoandama, maana hiyo ndiyo kalenda ambayo hakuna mama aliyeisahau. Karibu wote walivaa hirizi kifuani. Tabibu aliyemtangulia alikuwa akizikata kwa mkasi, na akina mama wakamkimbia. Haruni hakumvua mtu. Aliisogeza hirizi kwa kidole, akasikiliza pembeni yake, akajizoeza kutofautisha mkwaruzo wa ngozi ya hirizi na sauti ya moyo. "Huyu hana dharau," akina mama wakaambiana, na watoto wakaongezeka.

Kufikia mwaka 1994 Haruni alikuwa na siri. Miaka mitatu nyuma alitibiwa kifua kikuu kwa sindano za kila siku, miezi miwili mfululizo. Kifua kilipona, lakini dawa ile ikayadhuru masikio, yakaanza kufifia. Kwanza aliacha kusikia mbu. Kisha adhana ya alfajiri ikampita akiwa macho kitandani.

Muuguzi wake, Nasra, alikuwa ameanza kumtania.

"Kaka Haruni, nimekuita mara tatu! Au siku hizi mpaka mtu aje na barua ya wilayani?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Basi fikra zako zina kelele, maana hata kuku wamegeuka."

Alicheka naye, wala hakumwambia kitu. Ilikuwa miaka ya kupunguza wafanyakazi. Barua zilikuwa zikija kutoka wilayani, na wenzake wawili walikwishazipokea. Mmoja alikuwa akiuza mitumba stendi ya Kibiti, mwingine alifungua duka la dawa. Tabibu asiyesikia angekuwa wa kwanza kwenye orodha, na baada yake nani angewasikiliza watoto wale? Nasra alikuwa na masikio mazima, lakini kumfundisha kungemlazimu aeleze kwa nini. Akawa anajiambia: mwakani.

Desemba hiyo Mwanabibi alimleta binti yake Kudra, mtoto wa miaka tisa mwenye maneno mengi.

"Bwana Haruni, tunahamia bondeni kulima mpunga," Mwanabibi alisema. "Kutoka dungu letu mpaka hapa ni kutwa nzima, na maji yakijaa ndiyo basi. Huyu tangu aanze sindano hajaumwa hata mafua. Haziwezi kusimama kidogo?"

Haruni aliweka stetoskopu. Kimya. Kisha mkwaruzo hafifu. Akaisogeza hirizi, na mkwaruzo ukabaki palepale. Nasra alikuwa hatua nne kutoka pale, akiwapima watoto uzito. Angeweza kumwita. Badala yake alimwambia Kudra, "Hirizi yako hii ina kelele kuliko wewe."

"Ameishona babu!" Kudra alicheka. "Ngozi ya paa hiyo."

"Moyo uko sawa, Mama Kudra. Nendeni mkalime. Mtarudi baada ya mavuno."

Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea, aliletwa mtoto aitwaye Zaidi, ambaye moyo wake ulikuwa na mvumo mkubwa kuliko wote daftarini. Siku hiyo alikuja kifua wazi. Hirizi yake ilikuwa imelowa na kuoza, na mpya haijashonwa. Haruni akaweka stetoskopu, akasikia mkwaruzo. Ule ule. Akatazama kifua kitupu cha mtoto, akavua stetoskopu masikioni.

"Nasra, njoo usikilize hapa."

Nasra alishangaa, maana hakuwahi kupewa stetoskopu ile. Alisikiliza. "Unavuma, kaka. Kama upepo kwenye makuti."

"Mkubwa?"

"Umenijaa masikioni."

Haruni alikaa chini. Alichokisikia kwa Kudra hakikuwa hirizi.

Aliweka dawa zote alizoweza kuhitaji kwenye mkoba, akamwomba Nasra waende pamoja, na njiani akamweleza yote. Walitembea mpaka njia ikaishia majini, wakapakiwa kwenye mtumbwi wa mkulima aitwaye Sadala. Walimkuta Kudra juu ya dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu hukaa kuulinda mpunga. Alikuwa amekaa wima. Siku tano alikuwa hawezi kulala chali. Miguu yake ilikuwa miguu ya Zena.

"Tulidhani homa ya baridi," Mwanabibi alisema. "Wewe si ulisema moyo uko sawa?"

"Nilikosea. Nilisikia moyo wake nikasema ni hirizi. Masikio yangu hayasikii, Mama Kudra."

"Ulijua kama husikii?"

"Nilijua."

"Na huyu dada alikuwepo siku ile?"

"Alikuwepo."

Mwanabibi aliinuka. Alimfungua mwanawe hirizi, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake, akashuka ngazi kuandaa mtumbwi.

Haruni alimchoma Kudra sindano ya kupunguza maji mwilini, na mtoto akapata nafuu kidogo, akauliza kama Dar es Salaam kuna paa wa porini. Walikuwa wakielekea Ikwiriri, wapate gari la Dar es Salaam. Maji yalikuwa na nguvu na Sadala alisukuma mtumbwi kwa pondo refu mpaka viganja vikachubuka. Nasra hakuitoa stetoskopu kifuani mwa mtoto. Haruni alimshika Kudra mkono, na kila baada ya muda akauliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe:

"Bado?"

"Bado upo, kaka."

"Bado?"

"Upo."

Barabara kuu ilipoanza kuonekana, na lori likipita juu yake, aliuliza tena. Nasra alitoa mipira masikioni, akaiweka mapajani. Mwanabibi aliona kabla hajaambiwa.

Wiki iliyofuata Haruni alikwenda wilayani mwenyewe, akasema kwamba hasikii. Barua ya kupunguzwa kazi ilifika kabla ya mavuno. Stetoskopu ilibaki kwa Nasra, na miezi miwili ya mwisho Haruni alimfundisha kutwa kucha, Nasra akimwandikia maswali karatasini ili asikose kuyajibu.

Baada ya hapo, mwezi ulipoandama, Haruni alikuja kukaa kwenye benchi la nje ya zahanati. Mwanabibi naye alikuja, na ungo mtupu kiunoni. Alisimama mlangoni, akawaambia akina mama jambo fulani, mmoja mmoja, na wote wakawavua watoto hirizi wakaziweka ndani ya ungo. Mtoto alipotoka, Mwanabibi alimfunga yake kwa mkono wake mwenyewe, hakuwahi kukosea ya nani ni ipi. Hakuikata hirizi ya mtu, wala hakuna mama aliyekimbia.

Haruni hakumsikia alikuwa akiwaambia nini, na Mwanabibi hakuwahi kumsemesha tena. Aliona tu kwamba mwisho wa kazi, ungo ulipokuwa umebaki mtupu, aliifungua ncha ya kanga yake, akatazama kilichomo, akaifunga.